Mshubiri Ndani ya Chungu cha Shaba

"Sema mbele ya watu, Amito! Lile jani ulilikata la nini?"

"La kupaka mkono. Nikwambie mara ngapi? Mkono wenyewe huu, tazama, uji ulinimwagikia."

"Uji! Na haya mengine yaliyojikunja, nayo yamemwagikiwa uji?"

"Nitajuaje, Maimunah? Kwani mimi ndiye niliyeuzaa huo mti?"

Tukacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, cha puani, kikakatika bila mtu kukikataza. Ua wetu pale Kawempe ulikuwa ua wa kucheka. Milango ya vyumba ilitazamana, bomba la maji lilikuwa moja, na ukikaanga samaki huhitaji kumtangazia mtu. Ugomvi wa majirani tuliutokea kama harusi, kila mtu na kigoda chake. Mimi Habibah ndiye niliyekuwa natangulia, sifichi. Kwangu watu hawakauki, na habari ya mtaa isipopita kwangu basi bado haijapita. Lakini siku hiyo sikubeba kigoda. Nilisimama.

Maimunah alikuwa mke wa Afande Taban, na Afande alikuwa anarudi siku hiyo hiyo kutoka mpakani. Dereva wa jeshi alipita asubuhi akaacha neno: leo atafuturu nyumbani.

Mti waliokuwa wanaugombania ulikuwa mshubiri, ule wenye majani manene na miiba pembeni, ukiyavunja yanatoa ute mchungu. Ulikaa barazani kwa Maimunah ndani ya chungu cha shaba kinachong'aa kama kioo. Mama yake Taban, kule Koboko, ndiye aliyempa mwanawe siku alipoingia jeshini. Kila mtoto wake wa kiume alimpa wake, akamwambia majani yakisimama ujue uko salama, yakijikunja ujiangalie, kuna mtu anakuchimba. Mnaweza kucheka. Taban, mtu mzima mwenye cheo begani, hakuwa anacheka. Akirudi safari, kabla hajamsalimu mkewe, anainama kwanza kuutazama mshubiri.

Na sasa ulikuwa umejikunja. Majani yaliyokuwa yamesimama kama mapanga yalikuwa yamepinda kwa ndani, kingo kwa kingo, ncha zimerudi kwenye shina. Ukiutazama kwa mbali ungesema ni mkono umefumba kitu.

"Anakuja jioni," Maimunah alisema, na sauti ikamshuka. "Akiuliza nani amegusa mti wake, niseme nini? Nitasema nilichokiona. Nilikuona kwa macho yangu, alfajiri, umeinama hapa na kisu."

"Basi sema. Si umeshaanza?"

Amito alijibu kwa ujeuri, akaenda zake chumbani kwake.

Amito alikuwa Mwacholi. Mumewe, Ochan, alikuwa polisi. Siku moja alipiga viatu rangi, akaenda kazini, hakurudi. Amito alipofika kituoni kuuliza, waliokunywa naye chai mwezi uliotangulia walimwambia hapa hajawahi kufanya kazi mtu wa jina hilo. Ndugu zake wakamwita arudi Kitgum. Akakataa. "Ochan akitoka huko aliko atanitafuta hapa," alisema, akabaki kwenye chumba cha mwisho karibu na choo, akiuza simsim iliyokaangwa, hana makuu na mtu. Mwaka ule wa sabini na sita, mwanamke wa kabila lile walilolishuku wakubwa, mke wa mtu aliyekwenda namna ile, hakuhitaji kuwa na kosa. Ilitosha mtu mmoja amtaje.

Na tulijua Taban akitajiwa mtu anakuwaje. Mwaka wa nyuma yake redio yake iliharibika. Fundi wa pale kona akaifungua, ikazidi kuharibika. Taban hakumtukana, hata sauti hakuipandisha. Alimwambia tu aingie garini akaeleze vizuri huko mbele. Kibanda cha fundi kilibaki na kufuli lake, redio za watu zimo ndani. Ya kaka yangu nayo imo. Hakuna aliyethubutu kwenda kuvunja kufuli achukue yake.

Mzee Tarcisio, mshona viatu, akajaribu kuutia ugomvi maji. "Nnyabo Maimunah, mti huo una kiu tu. Tazama ulivyojikunja, kama ngozi iliyoachwa juani. Uongezeeni maji."

"Maji? Mti huu unapata maji kuliko mimi!"

Basi kila mtu akawa daktari. Huyu akasema ni wadudu, unyunyiziwe jivu. Yule akasema ni jua, usogezwe ndani. Mmoja akanong'ona kwamba heri utupwe, Afande aambiwe umeliwa na mbuzi.

"Mbuzi wa nani?" Tarcisio akamuuliza. "Ukishamtaja mbuzi, utamtaja na mwenye mbuzi."

Hapo watu wakakumbuka kazi zao. Ua ukabaki na mimi na bomba linalodondoka.

Kwa kawaida mchana wa Ramadhani mimi siko nyumbani. Nakuwa barabarani na beseni la sumbusa, nawangoja wafungaji wanaoteremka kutoka mjini. Lakini siku ile unga wa ngano ulikuwa umepotea madukani, uliobaki ulikuwa wa wakubwa. Kwa hiyo nikakaa kwenye ngazi ya chumba changu, mikono mitupu, nikautazama ule mti kama unavyomtazama mtu aliyegombana na mumewe, ukimngoja aseme mwenyewe.

Ukafika wakati wa sala ya alasiri. Mwezi ule baraza la Maimunah lilikuwa kama msikiti mdogo. Watu wa mtaa walikuja pale, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Wakaanza kutawadha bombani kwa birika, mmoja mmoja. Na mmoja mmoja, akishamaliza mguu wa kushoto, alipanda barazani, akainamisha birika, akamimina maji yaliyobaki kwenye chungu cha shaba. "Mungu amlinde Afande," anasema, anasogea, anakuja mwingine. "Mungu amlinde Afande." Birika baada ya birika. Wengine walikuwa wanamimina wakiutazama mti. Wengi walikuwa wanatazama dirisha la Maimunah.

Pazia la dirisha hilo lilikuwa limesogezwa kidogo.

Nikamvuta kando muuza mkaa mmoja, mtu wangu wa siku nyingi. "Mimi saa hizi huwa barabarani, sijaiona. Hii desturi imeanza lini?"

"Tangu aende mpakani. Maimunah alisema maji ya udhu yana baraka, yasimwagwe ovyo, yamwombee mumewe."

"Na lazima?"

Akanitazama kama mtu niliyemuuliza jambo la kitoto. "Habibah, wewe ungekuwa wa kwanza kupita bila kumimina?"

Sala ilipokwisha na watu kutawanyika, nilipanda barazani nikachomeka kidole kwenye udongo wa chungu. Kikazama chote. Matope. Nikakitoa, nikakinusa: harufu ya mfereji. Nikashika jani. Jani lenye kiu huwa jembamba na kavu, ukilibana linakukatalia. Hili lilikuwa limelegea, linabonyea, na kule chini kwenye shina rangi ya kijani imeondoka, limekuwa kama limechemshwa. Nilipolivuta kidogo tu likanibaki mkononi, bila hata sauti ya kukatika.

Nikakigonga chungu kwa chini, nikakipapasa pande zote. Hakikuwa na tundu. Chungu chenyewe Taban alikitoa kwenye duka la Mhindi mmoja, mwaka ule Wahindi walipoondoka. Zamani mshubiri ulikuwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ulioliwa na kutu, maji yakiingia juu yanatoka chini, nao ulikuwa unapendeza hata watu wanauomba vichipukizi. Alipopanda cheo akaona aibu mti wa mama yake kukaa kwenye mkebe. Akauhamishia kwenye shaba.

Nilikwenda chumbani kwa Amito. Nilimkuta ameketi kitandani, amevaa gauni lake la kanisani, lile la bluu lenye kola nyeupe.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Wakija sitaki wanichukue na nguo ya jikoni."

Nikaketi kando yake, nikamuuliza, "Kwenu mshubiri mnaumwagilia?"

"Nani aumwagilie? Unaota kwenye majabali. Mbuzi wanaukanyaga, kiangazi kinaupiga, wala hauna neno."

"Basi huu umezamishwa. Chukua kisu chako kile kikali, na jivu kidogo. Njoo."

"Kwenye mti ule? Na kisu? Habibah, unataka kuniua wewe mwenyewe?"

"Ukikaa hapa hutauawa?"

Akafikiri. Akainuka.

Kwa Maimunah nilitangulia peke yangu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya sigiri anamimina uji wa kisra, mkate wetu mwembamba, kwenye bati, jasho na machozi vimechanganyika, akasingizia moshi. Nikamweleza.

"Maji ya udhu yaue mti?" akang'aka. "Na mfungo wako huo mdomoni, Habibah, unasema maneno hayo?"

"Udhu hauna kosa, mwenzangu. Ni wingi. Na chungu hakina pa kutolea. Mizizi imeoza. Mti uko ndani ya maji na bado una kiu, maana mdomo wa kunywea umeoza. Ndiyo maana unajikunja kama uliokauka."

Kisra ikaungua. Hakuigeuza.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe, na ni chungu cha Afande."

"Nani wa kumwambia Taban kwamba ni chungu chake?" Akacheka, kicheko kibaya. "Wewe huyajui, Habibah. Mkubwa wake amechukuliwa mwezi jana, kitandani, na nguo za kulalia. Taban halali. Akiandika barua anaulizia mti tu. Haulizi watoto, haulizi mimi. Anataka kumjua mtu anayemchimba. Nisipompa mtu…" Hakuimaliza.

"Usipompa mtu, nini?"

"Atamtafuta mwenyewe, ndani ya nyumba."

Tukatazamana. Nilimwelewa, na nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa mumewe, kwa sababu nilikuwa nimemwelewa.

"Tuutoe kwanza," nikasema. "Bado una roho."

"Toeni. Mimi siugusi."

Tulitandika gunia kivulini. Nikakiinamisha chungu, Amito akashika shina kwa chini, tukautoa na bonge lake la matope. Maji meusi yakamwagika barazani, na ile harufu ikamfanya Tarcisio, kule kwake, afunge mlango. Tukautikisa udongo polepole. Mizizi mingi ilikuwa imekuwa myeusi, inateleza, ukiivuta ganda linabaki vidoleni. Lakini katikati, juu karibu na shina, kulikuwa na michache bado myeupe, imekaza.

"Hii hai," Amito akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza siku hiyo kusikia sauti yake ya kawaida.

Akakata. Mzizi mweusi, anatupa, anakifuta kisu kwa jivu ili uozo usihamie kwenye mzima, anakata mwingine. Majani ya chini yaliyolainika nayo akayaondoa. Kila alipokata penye uzima alipaka jivu. Nikamuuliza kama tuupande upesi kabla Afande hajafika, akakataa. Ukirudishwa udongoni na vidonda vibichi, utaoza tena. Ulale hivyo hivyo, uchi, mpaka ukauke, ndipo upate mchanga na vipande vya tofali kwenye mkebe wenye matundu. Siku kadhaa.

"Hatuna siku kadhaa, Amito. Hatuna hata saa."

"Mti haujui hilo," akasema, akaendelea kukata.

Gari tulilisikia kabla hatujaliona, kwa sababu ua mzima ulinyamaza. Mlango mmoja ukafungwa, taratibu, kisha mwingine, kisha mwingine.

Taban aliingia na magwanda yake, amekonda, macho mekundu ya vumbi na kukosa usingizi. Nyuma yake mtu wa shati la maua na miwani ya giza, kama wale wanaokuja kuchukua watu. Jua lilikuwa bado halijazama na mtu huyo alikuwa anatafuna, anachokoa meno kwa kijiti cha kiberiti, mchana wa Ramadhani, barazani kwa watu wanaofunga.

Hebu fikirini alichokiona Taban. Mti wa mama yake umelazwa kwenye gunia kama kuku aliyechinjwa. Chungu kimepinduliwa. Tope jeusi linanuka. Na juu yake mwanamke wa Kiacholi, gauni la kanisani, kisu mkononi.

"Assalaam aleikum, Afande," nikasema.

Hakuitikia. Taban, ambaye hata akiwa amekasirika hakuwahi kuiacha salamu bila jibu.

"Nani natoa hii kitu kwa chungu?" aliuliza. Akihisi hatari, Kiswahili chake hurudi kuwa kile cha kambini. Kila neno linatembea peke yake.

Mtu wa shati la maua hakungoja jibu. Alirudi kwenye gari, akafungua buti, lile wanalopakilia watu, akaliacha wazi, akaja akasimama tena palepale. Akamwonyesha Amito kwa kidevu. "Huyu?"

Amito hakukiweka kisu chini. Nadhani alikuwa amekisahau.

Ndipo Maimunah akatokea mlangoni na mwiko wake. Alimtazama mumewe, akatazama buti, akanitazama mimi. Nikajua anachagua, na nikajua kwamba neno litakalotoka halitarudi.

"Mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyeuozesha. Niliwaambia watu wote wakitawadha wamimine humo, wakuombee. Wakamimina. Kila sala. Nilikuwa nawachungulia dirishani, asiyemimina nimjue. Mti umekunywa mpaka umeoza, Taban. Na hicho chungu chako hakina tundu." Mwiko ulikuwa unadondosha uji sakafuni. "Huyu nimemwita mimi autibu."

Taban akachuchumaa, polepole kama mzee. Akaubonyeza mzizi mweusi, ukamwagika maji. Akaunusa. Akagusa mweupe kwa ncha ya kidole. Akakichukua chungu, akakigeuza, akakipapasa chini kama nilivyokipapasa mimi, akakiweka.

"Hapana mtu nachimba mimi?" akauliza. Sikujua anamuuliza nani. Ilikuwa kama amesikitika. Mtu anayekuchimba ungeweza kumkamata.

"Hii itapona?" Sasa alimtazama Amito usoni.

"Itapona. Mizizi mizima iko. Ilale hapa kavu mpaka vidonda vifunge, halafu mchanga, na mkebe wenye matundu. Asiutie mtu maji mpaka mimi niseme."

"Mpaka wewe seme."

"Ndiyo."

"Na ikikufa?" akauliza mtu wa shati la maua, kwa upole, huku anakitazama kijiti chake.

Kutoka upande wa msikiti tukasikia mwadhini anakohoa, kisha adhana ya magharibi ikaanza. Kwa kawaida hapo ua mzima hulipuka kwa vikombe na vijiko. Siku hiyo hakuna mlango uliofunguka.

"Amito, mwenzangu," Maimunah akasema, haraka, juu ya adhana. "Ingia ule. Sahani yako nimeshaiweka."

Hakuwa ameweka sahani yoyote, nilikuwa jikoni kwake mimi. Lakini nilimwelewa. Kwetu sisi Wanubi, mtu aliyeketi kwenye mkeka wa futari haguswi mpaka anawe mikono. Akishanawa, hiyo ni habari nyingine.

Taban alijua hivyo vizuri kuliko mimi. Aliinuka, akajipangusa magoti. Akalitazama gari na buti lililo wazi, akautazama mti kwenye gunia, akamtazama mkewe, kwa muda mrefu, kama mtu anayeweka kitu pembeni akitazame baadaye.

"Funga buti," akamwambia mtu wa shati la maua. "Njoo na wewe ule."

Kisha akavua viatu, akasogea pembeni ya mlango kumpisha Amito.

"Ingia, mama. Tule pamoja. Kisu acha hapo nje."